Sahani Namba 418

Kijiti chake kilifika Jumanne, saa nne kasoro,
kimelowa ute wa rangi ya haradali iliyolala.
Kwenye fomu: Etelka Bárdos, miaka sitini na moja,
kazi, kusaga pilipili, Kalocsa.
Chini yake, kwa mwandiko wa Daktari Szilárd
unaokimbia kama kuku aliyemwagiwa maji:
pua imeziba miaka mitatu. Hasikii harufu.

Msagaji wa pilipili, hasikii harufu.
Nilisoma mara mbili, nikavaa glavu.

Nikakipaka juu ya damu ya kondoo,
nikafunika, nikaiweka sahani kabatini
penye joto la kwapa.
Nikaenda zangu. Tramu ya Szeged ilikuwa tupu.

Watu hudhani bakteria ni wezi wa usiku:
wanavunja, wanabeba, wanakimbia.
Hawa si wa hivyo. Hawa wamehamia.
Stafilokoka alitangulia, mnyamavu,
akashika ukuta wa pango nyuma ya shavu.
Sudomona alikuja baadaye,
na vidonge vya kwanza, vilivyowaua majirani wanyonge,
vilimfagilia nafasi.
Kisha wakafuma.
Utando juu ya utando, ute juu ya ute,
humo ndani wanasinzia, wanakula kidogo,
na dawa ikipita juu yao ni mvua juu ya bati:
kelele nyingi, ndani pakavu.

Siku kumi za vidonge, Etelka anaimba kinuni.
Wiki ya tatu paji la uso linamgonga tena
akiinama kufunga kiatu.
Mara saba hivyo. Nimehesabu kwenye fomu.

Alhamisi nikafunua sahani.

Tulifundishwa tusinuse. Mwalimu wetu, Bi Hajnalka,
alikuwa na kikohozi cha kuthibitisha.
Sote tunanusa.
Kwanza vidoa vya dhahabu iliyochujuka, kando.
Halafu yule mwingine, ametambaa,
kijani kinachoelekea buluu,
anang'aa kama mgongo wa inzi,
na harufu yake, nisidanganye,
ni ya zabibu. Zabibu zilizoiva kupita kiasi,
Septemba, nyigu wamelewa juu yake.

Alikuja mwenyewe kuchukua majibu, ingawa huwa tunayatuma.
Koti la sufi; chini ya kucha wekundu usiotoka kwa sabuni.
Akaniambia siku hizi hupima unga kwa kidole na kwa mkwewe:
mkwe ananusa, yeye anamtazama uso.
"Mkwe ni mwongo," akasema. "Kila gunia kwake ni zuri."

Nikampa karatasi: majina mawili,
dawa nne hazifui dafu, moja labda,
na neno la daktari kuhusu kisu,
kupanua milango ya mapango,
kusuuza kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni.
Hakusoma. Akaniuliza:
"Wananukaje?"

Miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
"Kama zabibu," nikasema. "Za mwisho wa msimu."

Akanyamaza. Akagusa shavu la kushoto kwa vidole viwili,
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.
"Miaka mitatu," akasema, "nabeba shamba la mizabibu usoni,
na sijasikia harufu ya hata tunda moja."
Akacheka, akapenga kamasi, akaomba radhi.

Aliniachia mfuko mdogo wa karatasi.
"Nusa wewe. Uniambie kweli. Usiwe kama mkwe."
Gramu mia hivi. Nimeuweka dirishani, mbali na sahani.
Nimenusa mara mbili.
Una uchungu kwa mbali, kama umeungua.

Namba yake ya simu iko kwenye fomu.